Magugu Tuliyokuwa Tukipelekeana

Musoma, Alhamisi alasiri. Mawingu mazito juu ya ziwa, nami nina furaha isiyoniruhusu kukaa kitini.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa vikundi vya Butiama, Bunda na Musoma, wanachama wenzangu." Ndivyo nilivyoanza asubuhi, nikiwa katibu wa kikundi chetu cha mazingira hapa Musoma. Tulikutana kuamua iwapo vikundi vitatu viungane kuwa mtandao mmoja. Nikaeleza kwa fahari tunavyosafisha ufukwe wetu: tunayafunga magugu maji mafungu mafungu kwa kamba, tunayakokota kwa mitumbwi hadi kwenye kina, kisha tunayaachia yaende zake.

Mama Wakuru, mwenyekiti wa kikundi cha Butiama, akasimama. Akaweka mezani kipande cha kamba ya bluu, kingali na tope.

"Katibu, hii ni ya kwenu?"

Ilikuwa yetu.

"Basi magugu yenu yalikuwaga yanakuja kwetu. Upepo wa mchana ukiingia ghubani, mitumbwi yetu haitoki. Kama zawadi zenyewe ndizo hizi, mtandao bakini nao."

Nakiri, niliuona muungano ukivunjika mbele yangu. Nikakumbuka taarifa zote nilizoandika zenye maneno "ufukwe safi".

Mzee mmoja wa kikundi chake mwenyewe akakohoa. "Mama, na sisi tunayasukumaga alfajiri, upepo ukigeuka. Unadhani yanaendaga wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Wakuru alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Kumbe muda wote huo tumekuwa tukisafisha magugu yale yale.

Ndipo Bi Zaituni, mtunza kitalu cha miche Kabasa, kule Bunda, akauliza kwa upole: "Mimi nahangaika kutafuta mboji ya miche, ninyi mnarushiana magugu majini? Yakausheni, nileteeni."

Mwenyekiti alipoitisha kura ya kuungana, mikono yote ilipanda, wa Mama Wakuru ukitangulia. Mtandao umezaliwa, na azimio lake la kwanza nililisoma kwa sauti kubwa.

Nalirudia hapa kwa wanachama wasiokuwapo. Hakuna fungu litakalorudishwa ziwani tena. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, vikundi vyote vitatu vitakuwa ufukweni Butiama, kulikoelemewa zaidi, kuyatoa magugu hadi nchi kavu, na yakishakauka yatapelekwa Kabasa. Kila mmoja aje na reki.

Kamba ninayo mimi.