Kipande cha Mwisho cha Mpira

Nyuma ya karakana ya viatu,
Jumapili, tarehe 8

Kaka, binti yangu amekiona kirusi kinavyojishona! Yule yule uliyemcheka eti vitabu vitamkondesha! Picha aliyoipiga imetundikwa ukutani maabarani, na jina lake liko juu ya majina ya wanaume wanne.

Mpendwa kaka, furaha imenitoa adabu. Hujambo? Mgongo umekuachia? Wifi na watoto wazima? Mimi ni miguu tu.

Anasema kirusi cha ini kina ganda, na ganda hilo halina fundi. Vipande vya protini vinaelea, vinagusana, vinashikana vyenyewe mpaka duara linafunga. Niliitikia tu, sikuelewa. Aliyenielewesha ni mpwa wako mwingine, mshona mipira, pale pale kitandani wodini alikolazwa kwa kirusi hicho hicho: vikikutana sita sita tu, ganda hulala bapa kama shuka, vinapokutana vitano vitano ndipo linapojikunja, sawasawa na mpira aushonao. Nikatamba, mmoja wa maabara, mwingine wa sindano, wote tumbo hili!

Dada yake ameona upenyo baina ya vipande. Kikichomekwa kitu pale, ganda hufunga kombo, kirusi kikaharibika. Mimi huyo mbio, nikaitangazia wodi nzima kuwa dawa imepatikana. Wakanipigia makofi, kaka. Mpwa wako akacheka hadi akashika mbavu: "Mama wewe! Dada kachora kiolezo tu. Ngozi bado imo kwenye ng'ombe, na ng'ombe hajazaliwa." Dada yake hakucheka. Alitoka nje.

Daktari amesema ini la mpwa wako limekwisha. Dawa hiyo ikija, itawakuta wengine. Macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji. Jana mchana aliniita "muuguzi", akaniomba nimwitie mama yake.

Leo ananijua. Mpira aliokuwa akimshonea dada yake umebaki kipande kimoja, cha pembe tano, na vidole havishiki tena. Anasema aliyemfundisha mshono ndiye aufunge, yeye akitazama.

Nisalimie wifi, na yule mwanao mtundu mwambie shangazi hajamsahau. Mungu awanyooshee barabara. Barua hii naikabidhi kwa dereva wa lori, aifikishe mkononi mwako.

Ndugu wote nimeshawaandikia. Njoo na sindano yako iliyopinda, na usiseme mwisho wa mwezi. Ni Jumamosi hii, tarehe 14, asubuhi.

Dada yako, nikupendaye na kukungoja mlangoni,
Mama wa mafundi wawili