Kisanduku cha Chumba cha Vilio

Jumatano, 6 Novemba 1974

Basi ni kweli. Sinema yetu, Lariat, inafungwa. Bibi Opal Tvedt, mwenye sinema, kaniambia leo huku anasugua mashine ya bisi — Jumapili ya tarehe kumi na saba, filamu ya mchana, halafu basi. Duka la vitambaa lilishafungwa, kinyozi kahamia kwa binti yake, sasa na sinema. Barabara kuu itabaki na nini? Benki na upepo.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Saa sita mchana king'ora cha zimamoto kimelia kama kila siku. Mbwa wa jirani kabweka, mimi nimeruka. Noreen wangu hata kupepesa jicho! Ana miezi tisa sasa. Nadondosha sufuria nyuma yake — hageuki. Mume wangu Verlyn anasema mtoto katulia tu, kamrithi baba yake. Tuna miadi na daktari wa masikio, mjini Sioux Falls, Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Siku moja baada ya Lariat. Ee Mungu, nisiogope.

Jumamosi, 9 Novemba

ANASIKIA!

Nilikuwa nauza bisi. Noreen nimemweka chumba cha vilio kama kawaida — kile cha nyuma chenye kioo kinene, walimokuwa wakikaa akina mama na watoto wao wanaolia, watazame filamu bila kusumbua watu. Siku hizi nakitumia mimi tu. Nikafungua mlango nimchungulie. Kaketi wima, kageukia kile kisanduku cha spika ukutani, anacheka! Anayumba, huku na huku, polepole. Nikamwita, hakugeuka, lakini angegeukaje, si anasikiliza filamu! Na spika yenyewe ilikuwa chini sana, mimi mlangoni sikusikia kitu. Ana masikio makali kuliko mama yake!

Nimemwambia Verlyn. Kanibeba juu juu na aproni yangu. Tumecheka kama wapumbavu.

Jumapili, 10 Novemba

Nilidhani Bibi Opal atafurahi. Alikuwa anashuka kutoka juu, kwenye projekta. Akasimama katikati ya ngazi.

"Kisanduku kipi?"

Nikamwambia, kile cha chumba cha vilio.

"Mwanangu Arlys, kile hakijatoa sauti tangu mume wangu Einar afe. Waya niliukata mwenyewe. Kwa mkasi wa kushonea."

Nikamuuliza kwa nini aukate. Akasema ana gurudumu la filamu la kubadilisha, akapanda tena.

Nimeutazama huo waya. Umekatwa kweli. Ncha mbili, nyeusi, zinaning'inia.

Verlyn bado sijamwambia.

Jumanne, 12 Novemba

Mama mkwe LaVonne kaja na tambi zake za kuoka na jodari. LaVonne akikaa jikoni kwako, utajua habari za mji mzima. Nikamuuliza juu ya chumba cha vilio, kama mzaha.

"We! Usinikumbushe! Huyo mumeo unayemwona mpole, alikuwa akilia kama ndama aliyepotelewa na mama!" Akasema Einar Tvedt alikuwa anawaona akina mama kutoka juu, kwenye kidirisha cha projekta. Mtoto akianza kulia, anachukua maikrofoni yake na kumwimbia kwa kile kisanduku. Hana maneno, mdomo kaufumba. "Mm-mm, mm-mm. Mtoto kimya! Nusu ya mji huu imelazwa usingizi na Einar. Sisi mama zao tulikuwa wavivu tu."

Na huku anaimba, akawa anayumba kwenye kiti. Huku na huku. Polepole.

Sahani iliniponyoka. Ikavunjika vipande vipande, mama mkwe akapiga yowe. Noreen alikuwa sakafuni, katupa mgongo, anatafuna kijiko chake. Hakugeuka.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimemwambia Verlyn kila kitu. Kaja Lariat moja kwa moja kutoka ghala la nafaka, vumbi mpaka nyusi. Noreen alikuwa anayumba. Verlyn kabandika kiganja ukutani, halafu kwenye sakafu. Kanishika mkono, kaniwekea pale pale. Ukuta unatetemeka! Projekta iko juu ya chumba kabisa.

"Hakuna mzimu, mama Noreen. Anasikia kwa makalio, kama babu yangu kwenye trekta."

Akacheka. Halafu akaona uso wangu, akaelewa alichosema. Kama ni mtetemo tu — basi masikio hayana kazi.

Tumerudi nyumbani. Kwenye kona akasema Jumapili mashine itazimwa, tumtazame hapo. Nikasema sawa.

Jumapili, 17 Novemba

Naandikia humu humu, chumba cha vilio, kwa penseli ya kibanda cha tiketi.

Filamu imekwisha. Watu walipiga makofi, wengine walilia, wamekwenda. Bibi Opal amezima projekta, amezima na tanuri la chini linalopasha jengo joto. Nimeubandika mkono ukutani muda mrefu. Baridi tupu. Hakuna kinachotetemeka. Verlyn katoka kupasha gari moto, theluji imeanza.

Noreen nimemkalisha juu ya koti langu lililokunjwa, katikati, mbali na ukuta.

Amegeukia kisanduku.

Anayumba.

Bibi Opal yuko mlangoni, kofia kichwani, funguo mkononi. Nimemuuliza tena kwa nini aliukata. Safari hii kajibu, sauti chini: "Kwa sababu tulimzika Jumanne, na Ijumaa alikuwa bado anaimba." Akakitazama kisanduku. "Nikadhani waya ukikatwa atapumzika."

Halafu akaanza na yeye, mdomo kaufumba. Mm-mm, mm-mm. Anakwenda sawasawa na mtoto, hapishani naye hata kidogo, na mtoto kampa kisogo! Hakumtazama. Nimepiga makofi karibu na sikio la Noreen. Hakunitazama na mimi.

Kesho daktari ataniuliza, mama, mtoto anasikia? Nimwambie nini? Ndiyo, anasikia — lakini si sisi?

Verlyn anapiga honi. Ndefu. Mimi na Bibi Opal tumegeuka wote wawili.

Noreen hapana. Macho yanamlegea. Kichwa kimeanza kuinama. Bibi Opal ananong'ona, chukua muda wako mwanangu, sijafunga bado.

Honi tena. Mtu anambembeleza mwanangu, na mimi sitaki kumnyanyua kabla hajamaliza kumwimbia.