Shangazi, Kware Bado Ana Mguu Mmoja

Shangazi Otilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua zote zilizokufikia maishani ni mimi niliyekusomea, wewe umekaa kwenye kigoda umefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Hii nayo nitakuja kukusomea Jumapili baada ya Misa, nikishapalilia majani kaburini. Nimeona niiandike kwanza, maana nikisema bila karatasi nitaanza kujitetea, na kujitetea kwangu unakujua.

Nikupe habari za hapa. Arobaini yako imepita salama. Mvua zimekatika, mahindi yanakauka vizuri. Kaka Kasiani amepaka nyumba rangi. Na soda yako ipo kila mahali: stendi, Lizaboni, nasikia inafika Namtumbo mpaka Tunduru. Siku hizi iko kwenye chupa za plastiki. Mtu anakunywa, anatupa, hakuna tena kuambiwa "leta chupa tupu kwanza." Kwenye karatasi ya chupa yupo kware wako na mguu wake mmoja, na juu yake uso wa Baba, amevaa lile koti la harusi ya Kaka. Chini wameandika kwamba kware husimama kwa mguu mmoja kuonyesha jinsi mwanzilishi alivyosimama peke yake.

Maneno hayo niliwapa mimi, Shangazi.

Wewe na mimi tunajua mguu wa pili ulikokwenda. Nilikuwa darasa la pili. Ulikuwa unachora kwa mkaa ubavuni mwa kreti, ukaanza na tumbo, ukalifanya kubwa mno, ubao ukaisha. Nikakuambia ndege wako kilema. Ukasema, "Mwache. Mwenye kiu hahesabu miguu." Baba alipokwenda kuchapisha karatasi za kwanza akawapelekea kreti lile lile, na ndege akabaki hivyo mpaka leo.

Soda ile ulitoka nayo jikoni kwa masista, ulikofanya kazi ukiwa msichana. Tangawizi ya kutwanga, limao, sukari, chachu kidogo, kisha chupa kuukuu za mvinyo na vizibo vya kufunga kwa kamba. Kabla ya kulegeza kamba ulikuwa unaweka chupa sikioni, unatunyamazisha wote, unasikiliza. "Hii bado ina hasira," unasema, unairudisha chini ya gunia bichi. Moja haikukusubiri, ikapasuka na kukukata juu ya jicho. Ukaenda kanisani na bandeji, ukawaambia kina mama umepigana na sukari. Kovu lile tumekuzika nalo.

Baba alikuja baadaye. Alileta mashine ya gesi na vizibo vya bati, akaenda ofisini kuandikisha jina la Soda Kware. Likaandikwa kwake kwa sababu yeye alijua kuandika. Lakini Baba hakukuficha hata siku moja. Mtu akiisifia soda dukani, alikuwa anaelekeza kidole uani: "Ya dada yangu hiyo, mimi nafunga vizibo tu." Na sukari ilipoadimika nchi nzima, wengine wakafunga, wewe ukatumia asali na Kware hakulala hata wiki moja. Hayo ndiyo niliyopaswa kuwaeleza wageni.

Unawakumbuka wale wageni wa kutoka Dar waliokuja kununua jina baada ya Baba kufariki. Kaka alikuwa ameniambia mapema: wakisikia kuna shangazi, watataka dole gumba lake kwenye mkataba, na shangazi hakubali. Kweli ulikuwa umeshasema kwamba hukubali, kama hawataapa kuendelea kutwanga tangawizi ya kweli. Basi tukakubaliana kwamba Baba ndiye aliyeanza. Mimi nikachukua kazi ya kusimulia, kwa sababu Kaka si msemaji. Nilisimulia vizuri, Shangazi. Aibu yangu inaanzia hapo, kwamba nilisimulia vizuri. Walipouliza habari ya mguu, sikusita hata kidogo.

Ndipo ukaingia na sinia. Umejaza glasi sita, umevaa kitenge chako cha parokia. Yule dada aliyekuwa anaandika akakutazama, akatabasamu, akauliza, "Na mama huyu?"

Nikasema, "Huyu anatusaidia hapa nyumbani."

Ukaweka glasi mezani moja moja. Ukasema, "Karibuni wageni," ukatoka na sinia kwapani. Na asubuhi ile sikuwa nimekuamkia. Nilifika ndani ya gari la wageni, nikakupita mlangoni kama mtu apitavyo mfanyakazi wa mtu mwingine. Jioni ukanifungia mihogo nipeleke nyumbani, kama siku zote. Niliipika. Sikuweza kuila.

Petro alikana mara tatu, jogoo akamwamsha, akalia. Mimi nilikana mara moja nikalala usingizi mzito kwa muda mrefu, mpaka siku ya kukuzika.

Siku hiyo watani wetu Wabena walikuja, wakiongozwa na Mama Tumaini, rafiki yako wa sokoni. Unajua mtani msibani hazuiwi. Alijifunga kitenge chako, akakunja mguu mmoja, akaruka-ruka uani, chupa ya soda sikioni. "Hii bado ina hasira!" Watu wakacheka na machozi yao. Kisha akasimama mbele yangu, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wachimba kaburi: "Ninyi Wangoni mna mambo. Mfanyakazi wa ndani tu, mbona mnamzika na ukoo mzima?"

Wakacheka zaidi, wakidhani ni utani tu. Kaka akatazama chini. Nami nilicheka, nikahisi meno yangu yamekauka.

Baadaye alinifuata jikoni, akaniambia polepole, "Alinisimulia mwenyewe, dada. Alianza huku anacheka. Hakufika mwisho akiwa anacheka."

Kwa hiyo ulisikia. Ulibeba neno lile miaka yote hiyo, na mihogo ukanifungia.

Nilikwenda kuungama. Padri hakunipa rozari nyingi kama nilivyotegemea. Alisema nikaseme ukweli mahali pale pale niliposema uongo. Basi siku ya arobaini, watu walipomaliza kula, niliwaita sebuleni, nikakaa kwenye kiti kile kile. Nikawaambia soda ni yako, na siku ya wageni nilikukana huku ukitubebea glasi. Shangazi, sauti ilinitoka kama ya mtoto. Wajukuu walinitazama. Kaka alisimama akasema, "Unataka watunyang'anye hela walizotulipa?" akatoka nje. Mpaka leo tunasalimiana kwa shida. Simlaumu, uongo tuliutunga wote wawili, ila mdomo ulikuwa wangu.

Nimewaandikia wenye kampuni pia. Alinipigia kijana mmoja, ana adabu, akasema, "Mama, historia hiyo watu wameshaizoea." Nikamwambia mimi niliizoea kabla yao. Amesema atawafikishia wakubwa. Sijui. Na soda yenyewe, nisikufiche, haina tangawizi ya kutwanga. Ulijua hivyo.

Siwezi kukuahidi karatasi ya chupa, si yangu tena. Niliyoweza ni haya. Msalaba wako nimempa fundi aandike jina lako, na chini yake amchore kware. Alipomaliza akaniambia, "Mama, nafasi ipo, nimwongezee mguu wa pili bure?" Nikamwambia amwache. Na kila atakayeinywa mbele yangu, stendi au harusini, anifahamu asinifahamu, nitamwambia ni ya nani na jinsi ubao ulivyoisha. Wataniona mama wa maneno mengi. Na waone.

Raha ya milele akupe Bwana. Jumapili nitakuja na karatasi hii. Kabla sijasoma hata mstari mmoja nitapiga goti, nikupe ile niliyokunyima mlangoni.

Shikamoo, Shangazi.

Skolastika wako