Mfumo Uliotoka Kwenda Kula

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kauza mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe hajazaliwa! Kawaambia watu wa ghala la dawa kwamba kiunganishi kiko tayari. Kiko kichwani mwangu, tena nusu. Zahanati zinaagiza dawa kwa majina, ghala linazijua kwa namba, na kompyuta zao hazisalimiani. Natakiwa kuandika programu ya katikati: ipokee oda huku, itafsiri, ipeleke kule. Nikaomba miezi miwili. Bosi kacheka. Anataka “kitu cha kuonekana” Alhamisi. Kitu cha kuonekana katika ofisi hii ni tai yake tu.

Alhamisi, 7 Machi
Onyesho limefanyika. Wageni ukumbini, mimi stoo, kati ya mafagio na printa mbovu. Wakibonyeza kule, oda inaniangukia mimi huku. Natafuta namba, naandika kwa mkono, natuma. Makofi! Mkuu wa ghala kauliza mbona inasitasita kabla ya kujibu. Bosi, bila kupepesa macho: “Ndiyo akili bandia hiyo, mama. Inafikiri.”
Wanaanza Jumatatu, kwa oda za kweli. Nikamvuta bosi pembeni: hizi ni dawa za watu! Kanipigapiga begani. Eti nishikilie kidogo tu huku namalizia programu. Nimalizie kwa mikono ipi?

Jumatano, 13 Machi
Dada yangu muuguzi, ambaye nakaa kwake, ameusifu “mfumo wenu” tangu tulipokaa mezani. Zahanati yake nayo imeunganishwa. Eti kaandika chupa mia badala ya kumi, mfumo ukamuuliza, je, una uhakika? “Mdogo wangu, mna vichwa!” Nikajiongezea mchuzi. Niliyemuuliza ni mimi!
Lawama yake moja: mchana unakuwa mzito. Nikamwambia labda joto. Mkataba unasema nisitoe siri za ofisi. Woga wangu nao unasema hivyohivyo, kwa sauti kubwa zaidi.

Jumanne, 19 Machi
Mchana bosi katupeleka hotelini kusherehekea mafanikio. Nikasema siwezi kubanduka kwenye kiti. “Twende bwana, acha mfumo ufanye kazi!” Mungu wangu, ameshaanza kuuamini! Nikaenda. Nikala, tena vizuri. Niliporudi oda zimefurika. Nikakimbizana nazo mpaka macho yakaingia ukungu.

Jumatano, 20 Machi
Dada karudi, katupa mkoba, hakusalimia. Insulini haikuja. Kuna bibi mmoja anaitegemea. Karudishwa mikono mitupu, kaanguka kituo cha basi. Kalazwa, hali mbaya. “Niliagiza jana mchana! Nilibonyeza kwa kidole changu hiki!”
Nikajifungia chooni na kompyuta. Oda yake ipo. Niliiruka.

Alhamisi, 21 Machi
Nimemwambia bosi. Swali lake la kwanza: “Umemwambia nani mwingine?” La bibi hakuuliza. Kisha kanyoosha tai. Mfumo haukosei, anasema. Aliyekosea ni aliyeagiza. Kesho kuna kikao ghalani, muuguzi ataitwa ajieleze. Hajui muuguzi ni nani kwangu. Nilitaka kumwambia. Nikarudi stoo, kwenye oda zangu.

Ijumaa, 22 Machi
Kikaoni. Projekta imegoma — wataalamu wa mifumo, waya umetushinda! — basi naandika mapajani, chini ya meza. Yupo bosi, mkuu wa ghala, na mganga mkuu wa zahanati, ambaye tayari anazungumzia kumsimamisha mtu kazi. Na dada. Sare kaipiga pasi kama anakwenda kuapishwa. Kaniona, uso ukamng'aa! Kaninong'oneza: afadhali umekuja wewe, utawaonyesha kwamba niliagiza.
Bosi anajaza muda kwa maneno. Anawaambia uzuri wa mfumo huu ni kwamba haupumziki, hata sasa tukizungumza unahudumia zahanati zote. Simu yangu inatetemeka mfukoni. Kila mtetemo ni oda. Stoo hakuna mtu.
Projekta imewaka.
“Haya, fundi,” bosi ananiambia, “hebu mwonyeshe dada yetu alikosea wapi.”
Dada kanigeukia. Anatabasamu, ananitikisia kichwa nisiogope. Simu inatetemeka tena. Wananisubiri nisima—