Vidonge vya Mama

Gunga mdogo wangu,

Huku tu wazima. Hali yako siulizi, maana msimamizi wa hicho kituo cha kuachisha madawa hunipigia kila Ijumaa kunambia umekuwa mpole.

Nimeshona mapazia mapya, kitambaa cha Biashara Street, na chumba chako nimempangisha mwalimu mmoja, Beryl, mtu safi. Mjomba angali anatafuna majani yake ya muguka barazani tangu adhuhuri hadi magharibi. Usianze yale maneno yako kwamba na yeye ni teja. Mzee anayetafuna mbele ya watu na kuitikia salamu zao si teja.

Mama alikuwa akikulilia. Alikaa mlangoni akimuuliza kila mpita njia kama amekuona. Daktari akamwandikia vidonge vya usingizi, kimoja kila usiku. Navijua. Ni vilevile nilivyovikuta ndani ya kiatu chako, siku niliyowaita wanaume wakakufunga kamba na kukupeleka huko. Lakini hivi vina karatasi ya daktari yenye jina la Mama, kwa hivyo usivifananishe na vyako. Mimi nampa vitatu, asubuhi, na chai.

Sasa nyumba imetulia. Mlangoni hakai tena. Jana alishika picha yako akaniuliza kijana huyu ni wa nani. Nikamwambia ni wa jirani, na alishakufa.

Kwa hivyo ukitoka, usije kumtisha mgonjwa.

Dadako,
Mbodze