Kabla ya Sauti

3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na lile goti lako limetulia. Mimi mzima, nakula, nalala, usianze. Kila nikikupigia simu hupokei, na Mama akipokea yeye ananiambia umetoka. Umekuwa mtu wa kutokatoka siku hizi? Basi nakuandikia, maana habari hii haiwezi kukaa.

Mwongozaji wa okestra yetu anastaafu, na uongozi umenikabidhi mimi onyesho la kufunga msimu, mwezi wa tisa. Nikilimudu, nafasi yake ni yangu. Kazi si ngeni kwangu. Okestra ya vijana nimeiongoza miaka yote hii, na wapiga chelo wenzangu wananifuata kwa kuniangalia bega tu. Nilisema ndiyo hata kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi yake.

Kuna sharti moja. Hawataki mtu mmoja akalie viti viwili. Kiti changu cha chelo wamekwisha kumpa mwingine, kwa hiyo nikiharibu, sina pa kurudi. Sina wasiwasi, Baba. Kazi hii naiweza, naijua mwilini. Ninachotaka ni baraka zako, na siku hiyo nikuone ukumbini.

Binti yako,
Mtikisa Kabati

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti linalalamika kama kawaida yake na mimi nalinyamazia. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula mboga. Simu yangu imeharibika. Barua ni nzuri zaidi, mtu unaweza kuirudia.

Habari yako nimeirudia kweli. Hongera. Lakini hebu niambie mimi fundi wa karakana nisiyejua nota: huyo mwongozaji anatoa sauti gani? Namwona anasimama, anarusha mikono, wenzake wanatoka jasho, halafu makofi anapigiwa yeye. Ile chelo nilikubebea begani ngazi zote za jengo letu wakati imekuzidi kimo, ili uipige. Ulikuwa ukigusa ule waya mnene, bilauri zinalia kabatini, na mimi nimeegemeza mgongo wangu palepale kwenye kabati, uchovu wote wa siku unanitoka. Ndiyo maana nikakuita Mtikisa Kabati. Sasa unataka kutikisa hewa?

Fikiria tena, mama. Kumwachia mtu kiti si jambo la kusema ndiyo katikati ya sentensi.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nyumbani salama? Mimi mzima, ila barua yako imeniuma na sitakuficha.

Nilitegemea watu wote waniulize swali lile, wewe hapana. Mwongozaji hatoi sauti, ni kweli. Anazitoa za watu themanini. Sijaiacha chelo, Baba, nimesogea mbele yake hatua chache ili nizione na nyingine zote. Nimeshasema ndiyo na sirudi nyuma. Ukitaka kununa, nuna, lakini mwezi wa tisa uje.

Binti yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Afya yako? Mama ananiambia wewe mzima, kwa hiyo ukimya huu ni wa makusudi. Haya. Mimi nitaandika tu, ukaidi huu nimeutoa wapi kama si kwako?

Nimekwama. Mazoezi yameanza na okestra yangu inatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Tunaanza vizuri, tukifika katikati tumepunguza mwendo, tukimaliza tunakokotana. Niliwakazia macho wapiga ngoma, nikawakazia wa tarumbeta. Jana kiongozi wa fidla, mama mmoja asiye na maneno mengi, alinifuata chumba cha kubadilishia nguo. Akaniambia, "Dada, usinielewe vibaya. Sisi tunakusubiri wewe, na wewe unatusubiri sisi."

Ana haki. Mpiga chelo anavuta upinde na sauti inakuwa papo hapo, chini ya mkono wake. Mimi pale mbele mkono wangu bado unaitafuta hiyo sauti. Naisikia kwanza, ndipo nausogeza. Na wao wananifuata mimi ninayewafuata wao. Ugonjwa nimeujua, dawa sina. Nikijiambia nisisikilize, masikio yanakataa. Hayo ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote.

Nitaweza. Nakuambia hivyo kwa sababu nikikuambia wewe naamini zaidi. Lakini andika, hata matusi.

Binti yako

5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako amenisimamia mlangoni hapa mpaka niandike ukweli, kwa hiyo huu hapa.

Simu haijaharibika. Mimi ndiye nimeharibika. Zile mashine za karakana zimenila masikio, pole pole, miaka nisiyoijua. Ndege wa asubuhi ndio walioanza kuondoka. Ikafuata kengele ya mlango, kisha sauti za watoto, na sasa mama yako ananipigia kelele kama niko ng'ambo ya mto. Daktari anasema sauti nyembamba hutangulia kupotea, nene hubaki nyuma. Katika kanda zako nilizonazo, fidla hazipo tena. Filimbi hazipo. Chelo ndiyo iliyobaki. Naweka kiganja juu ya spika na bado nakupata.

Sasa ukaniandikia unaiachia. Mwanangu, ulikuwa umebaki wewe peke yako humo ndani, na ukasema unahama. Nilinuna kama mtoto. Halafu nikaona aibu ya kununa, nikanyamaza, na ukimya nao ukaota mizizi.

Heri nisije huko. Nitakaa katikati ya watu waliovaa vizuri, naangalia mgongo wako, sipati kitu. Utanisamehe.

Baba yako

24 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Nililia, nikanawa uso, nikamkasirikia Mama kwa kukufichia siri, nikamsamehe. Sasa nisikilize, yaani nisome.

Nilitaka kujua uko wapi. Nikajaza pamba masikioni nikakaa jikoni kwangu, nikaona maji yanachemka bila kusema neno. Halafu, kwa mazoea tu, nikafungua nota mezani nikaanza kuongoza. Baba, mkono wangu haukuwa na kitu cha kusubiri! Ilibidi uende wenyewe. Ilibidi niamue kila kitu kabla hakijawa.

Kesho yake nikaingia mazoezini na pamba zangu. Mpiga zumari akaziona, akaniuliza kama tunapiga vibaya kiasi hicho. Walicheka mpaka mmoja akaangusha upinde. Nikawaambia, leo sitawasikia, kwa hiyo msiningoje. Nikashusha mkono. Tulipomaliza, nikazitoa, na yule mama wa fidla alikuwa ameweka chombo mapajani, anagonga kiti cha mbele yake kwa ncha ya upinde. Kwetu hayo ndiyo makofi. Siku hizi pamba sizihitaji tena, mkono umeshajifunza kutangulia.

Sasa kuhusu mgongo wangu. Ukumbi wetu una safu ya viti nyuma ya okestra, wanapokaa kwaya tukiwa na kwaya. Safari hii hatuna. Wewe na Mama mtakaa hapo, katikati kabisa. Mtaiona migongo yao na uso wangu. Usinijibu kwamba huji. Njoo.

Binti yako,
Mtikisa Kabati

28 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tumefika salama, goti limevimba kwa ngazi za ukumbi wenu na silijutii. Mama yako anawaonyesha majirani picha, na mmoja ameuliza kama hicho kijiti unachapia watu.

Nilikaa pale ukiniangalia nikajisemea, haya, mzee, umekuja kutazama watu wanaochezesha mikono. Ukavuta pumzi. Mabega yakapanda, na mimi nikavuta pumzi pamoja na wewe bila kukusudia. Kijiti kikashuka. Nikajua sauti ni kubwa, ina hasira, inakuja. Na hapo ndipo pinde zilipoanza kutembea, ubao wa sakafu ukanipanda miguuni.

Baadaye, pale palipotulia, mkono wako wa kushoto ulifunguka kuwaelekea wapiga chelo. Kifua changu kikajaa. Waya haujaguswa bado, mwanangu! Nimejaa tayari. Kisha ndiyo ikaja, nene, ileile ya kabatini. Nililia, na mama yako akadhani goti.

Nyumbani mimi ni wa mwisho kujua. Watu wanacheka, nauliza wanacheka nini, wakishanieleza kicheko kimekwisha. Siku ile nilikuwa nakusoma usoni, na ukumbi mzima ulikuwa unasikia baada yangu.

Mama yako amepokea simu asubuhi, akaja mbio anafungua mdomo kuniambia kwamba nafasi wamekupa. Nikamwambia asihangaike, nilijua tangu ulipoinua mkono.

Zile baraka ulizoomba mwezi wa tatu zimechelewa, ni makosa yangu. Zipokee zote. Na msimu ujao viti vyetu ni vilevile, usije ukawapa kwaya.

Naacha hapa. Chakula kiko tayari, mama yako amesimama mlangoni ameinua mkono.

Baba yako,
aliyetangulia kusikia