Video Yangu na Mgongo wa Baba

Nyumbani, ile nyumba yetu ya kona,
Jumapili mchana, tarehe 17.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za dada, tena zile za kukaa chini, siyo za haraka haraka za kwenye simu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, yule mkubwa bado anakataa viatu au ameshakubali kwamba amezaliwa binadamu? Goti lako linaendeleaje? Nijibu moja baada ya jingine, usiniandikie "wote wazima" halafu ukafunga bahasha.

Sisi huku tupo. Binti yangu anamaliza mitihani mwezi ujao na ameshaanza kunifundisha namna ya kuishi. Paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote, nimelitegea sufuria. Baba anakula vizuri, anatembea mpaka getini na kurudi. Najua ukifika kwenye neno Baba unaruka mstari. Leo usiruke. Ukitaka kunitukana, nitukane ukishafika chini.

Nimekuandikia badala ya kukupigia, na sababu yake utaiona mwenyewe mbele.

Mwezi uliopita mkuu wa mafunzo wa kiwandani aliniita ofisini. Nilienda nikidhani kuna jora limeharibika mikononi mwangu. Kumbe wanatafuta mtu wa kufundisha wafumaji wapya. Kazi yenyewe ni ya darasani, kwenye lile jengo la mbele lenye mapazia, mbali na ukumbi wa mashine. Walituchagua wawili, mimi na mwenzangu wa zamu ya jioni, yule tunayemwita Bwana Taratibu. Kila mmoja arekodiwe video ya dakika sita akieleza jinsi ya kuunga uzi uliokatika bila kuacha kidole kwenye mashine. Watu waitazame, watoe maoni, na atakayeeleweka zaidi ndiye apewe darasa. Nilivimba kichwa, sikufichi. Miaka ishirini na mbili nimesimama kati ya mashine zile, eti leo nitapewa kiti!

Siku ya kurekodi nilivaa ile blauzi ya kola uliyonitumia. Mpiga picha alinisimamisha mbele ya mashine iliyozimwa, nami nikaeleza mpaka jasho likanitoka. Nilirudi nyumbani nikijiona mwalimu tayari.

Maoni yalikuja baada ya wiki, karatasi sita zisizo na majina. Wa kwanza kaandika: lafudhi nzito mno. Wa pili: anafoka kama anagombana na mtu. Wa tatu: anameza mwisho wa maneno. Wa nne kauliza, "Hivi ndiyo vipi?" Wa tano anasema mama huyu kazi anaijua, ila yeye hakuambulia kitu. Wa sita hakuandika neno, kachora sikio na alama ya kuuliza. Huyo ndiye aliyeniudhi kuliko wote.

Yule wa nne nilimwelewa nilipoitazama video mwenyewe. Unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi kutoka kazini, anaomba chumvi mezani kwa vidole? Ndivyo tunavyoongea ukumbini. Mashine zinanguruma mpaka meno yanacheza, kwa hiyo nusu ya neno inasemwa na mdomo na nusu na mikono. Hakuna anayemaliza sentensi, mkono unaimalizia. Basi na mimi mbele ya kamera nikafanya vilevile: unashika hivi, unavuta hivi, usithubutu kufanya hivi! Na mpiga picha, Mungu amsamehe, alinipiga kuanzia kifuani kwenda juu. Mikono yote iko nje. Dakika sita nzima mwanamke mtu mzima anatikisa mabega na kufoka "hivi". Binti yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Na mimi nilicheka, kisha nikaenda bafuni nikalia.

Kilichoniuma hasa ni lafudhi. Lafudhi hii ni ya Mama, sina kitu kingine chake zaidi ya hii na ile cherehani mbovu. Lakini mkuu wa mafunzo alikuwa amenipa nafasi ya kurekodi tena, kesho Jumatatu, basi nikaapa kuibadilisha. Nikaanza kumwiga mtangazaji wa taarifa ya habari. Napika, natangaza. Nafua, natangaza. Jirani akamvuta binti yangu pembeni kumwuliza kama tuna ugomvi ndani.

Ndipo binti yangu akaniambia, "Mama, lafudhi yako haina shida. Ila unaongea na mimi kama niko ng'ambo ya barabara. Twende ukapimwe masikio." Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Siku mbili baadaye birika lile la filimbi lililia mpaka maji yakakauka na chuma kikaanza kunuka, na mimi niko hatua mbili tu kutoka pale, nachambua mchele. Nikachukua mkoba, nikaenda.

Mpimaji wa masikio ni bwana mpole, ana chumba kidogo kama kabati. Alinivisha hedfoni, akanipa kitufe, akasema kila nikisikia mlio nibonyeze. Nikatulia. Nikangoja, nikangoja. Mwishoni nikamwambia, "Basi anza, baba, mimi niko tayari." Akanitazama kidogo, akasema, "Mama, sikio la kulia nimeshamaliza."

Mdogo wangu, sijui nilitokaje pale. Aliniambia kelele za ukumbi ndizo zilizokula masikio yangu, kidogo kidogo, sauti nyembamba kwanza. Mtu asiyeisikia vizuri sauti yake huipandisha bila kujua, na vile vipande vya neno asivyovisikia huviacha njiani. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kitabaki nikiondoka kwenye kelele. Vizibo vya masikio tulikuwa navyo, usidhani hatukupewa. Tuliviweka mfukoni, maana ukivivaa wenzako wanakuona mgeni wa kazi. Mimi mwenyewe nimewacheka wengi waliovivaa.

Sasa ona nilivyobanwa. Nikitaka kuokoa masikio lazima nitoke ukumbini. Ili nitoke ukumbini lazima nipate lile darasa. Na lile darasa nalikosa kwa sababu ya masikio.

Nikakumbuka mengine. Ile siku uliponipigia kunieleza mtoto kalazwa, nami nikacheka nikasema hongera, ukakata simu. Nilisema ni mtandao. Haukuwa mtandao. Simu zetu zote za mwaka huu nimekuwa naitikia "eeh" na "haya" kwa kubahatisha. Nisamehe, na mtoto mwenyewe umwambie shangazi yake hakumcheka.

Lakini kilichonikalisha kuandika ni cha jana.

Jana baada ya chakula nilimpa Baba simu aitazame ile video. Sikutegemea kitu. Unamjua, tangu astaafu kutoka ukumbi uleule amekuwa mtu wa kununa, unamsalimia anatazama ukuta, na sote tumezoea kusema mzee ana kiburi chake. Aliitazama yote, macho hayabanduki. Kisha akasema, "Umeeleza vizuri. Ila hujawaambia wavue pete. Na pale pa kukaza fundo umeharakisha."

Ni kweli, pete niliisahau, na hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyeliona hilo. Nikachukua simu kuizima, nikakuta sauti imefungwa kabisa. Binti yangu aliifunga asubuhi akijisomea. Mimi kutosikia kitu sikushangaa, siku hizi nimeshazoea. Lakini Baba alikuwa ameelewa dakika zote sita, hana sauti wala hana mikono yangu. Alikuwa anasoma mdomo.

Nikazunguka nyuma ya kiti chake. Nikaita, "Baba." Nikaita tena. Mara ya tatu niliita mpaka binti yangu akatoka chumbani kutazama kuna nini. Baba hakugeuka. Nikaja mbele yake, nikasema kwa midomo tu, bila sauti, "Baba, nikuletee chai?" Akajibu, "Sukari kidogo."

Chai ile niliipika huku machozi yananitoka. Miaka yote hii tunamwambia mambo akiwa amegeuka, asipojibu tunajibizana sisi kwa sisi, tunasema amenuna. Hakuwahi kutuambia kwamba hasikii, na sisi hatukuwahi kumwuliza. Mwanamume aliyelisha watoto wanne kwa mikono yake aliona aibu kusema, kama mimi ninavyoona aibu sasa.

Unajua ninakokwenda. Siku ile ulipoondoka Baba alikuwa uani, ameinama anapigilia mguu wa kiti. Wewe ulisimama mlangoni na begi lako, nyuma yake. Ukamwambia, "Baba, mimi ndiyo naondoka, naomba radhi zako." Ukangoja. Ukasema tena. Yeye akaendelea kupigilia. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekushikia ule mfuko wa nguo, na mimi ndiye niliyekwambia, twende zetu, mwache, amekunyima. Neno hilo ni langu.

Nilimpelekea chai, nikakaa mbele yake penye mwanga, nikamwuliza taratibu, "Baba, yule mwanao mdogo alipokuomba radhi siku ya kuondoka, mbona hukumjibu?"

Akaweka kikombe chini. "Aliniomba lini?"

Nikamweleza. Uani, yeye akiwa anatengeneza kiti. Akatazama mikono yake, akasema, "Mimi niligeuka nikakuta mlango uko wazi. Nikasema mwanangu ameondoka kama mpangaji, hata kuniaga hakuniaga." Miaka kumi na moja, mdogo wangu. Wewe huko ukijua umenyimwa radhi, yeye huku akijua amekimbiwa na mwanawe.

Kesho asubuhi narekodi tena. Kabla ya kamera kuwashwa nitampa mkuu wa mafunzo ile karatasi ya masikio. Binti yangu anasema nisiitoe, nipate kazi kwanza. Lakini nimemtazama Baba na nimekata shauri, mimi sitakaa miaka ishirini watu wakidhani nina kiburi. Mpiga picha nitamwambia arudi nyuma mpaka mikono ionekane. Pete nitaivua mbele yao. Sauti nitajaribu kuishusha, binti yangu atasimama pembeni anionyeshe kwa kidole nikipanda. Lafudhi ya Mama naiacha kama ilivyo. Huenda wakasema mtu asiyesikia hawezi kufundisha, na Jumanne nikarudi kwenye mashine zangu kumalizia sikio lililobaki. Naogopa, sikufichi. Usiku silali vizuri.

Nami nina ombi moja kwako. Jirekodi video. Usipige simu, simu haitamfaa, na usitume sauti peke yake. Kaa karibu na dirisha, mwanga uwe usoni, siyo nyuma yako. Nyoa hizo ndevu, au walau zipunguze mdomoni, nimeziona kwenye picha. Usishike kidevu unapoongea. Maneno yaleyale uliyoyasema mlangoni yaseme tena, taratibu, mpaka mwisho wa kila neno. Lafudhi yoyote uliyoiokota huko haitamsumbua.

Msalimie wifi, mwambie ule ushonaji nilioahidi bado upo. Wabusu watoto, hasa yule niliyemcheka. Binti yangu anakusalimu, na jirani mwenye masikio makali pia. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, awape riziki isiyo na makelele.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kama siku ile nilipokushikia mfuko.

Nimesahau: simu yangu tangu jana haiko kwangu. Baba ameisimamisha mezani, ameiegemeza kwenye kopo la sukari, na miwani ameshaifuta. Nimemwambia barua ya kukuomba hiyo video bado haijaondoka. Anasema si neno, atangoja.